Kumwona ndege na kufichua kiota chake: mambo mawili yanayochanganywa

Kila masika yanapoingia katika mwambao wa Afrika Mashariki, simu za wapenzi wa ndege hujaa picha. Mmoja amewaona mnana wakisuka viota kwenye mnazi wa jirani, mwingine amekuta mayai mawili juu ya mchanga wa ufukweni, na wa tatu ametuma video ya makinda wakiachama midomo, pamoja na jina la kijiji na maelezo ya njia ya kufika. Chini ya picha hizo mabishano hayakawii kuzuka. Wapo wanaosema kwamba ndege akitangazwa hulindwa, kwa kuwa watu hawawezi kukitunza wasichokijua. Wengine husema kwamba kumtangaza ni kumpeleka adui mlangoni. Ubishi huu haumaliziki kwa sababu pande zote mbili zina ukweli wao, ila upande mmoja unamzungumzia ndege na upande mwingine unakizungumzia kiota.

Tuanze na maneno yenyewe. Taarifa ya kumwona ndege hujibu maswali manne: ni ndege gani, ameonekana wapi, lini, na walikuwa wangapi. Kiota ni mahali ndege anapotaga mayai, na si lazima kiwe kikapu cha majani juu ya mti. Kwa ndege wengi kiota ni tundu katika shina, shimo katika ardhi, au kishimo kidogo tu katika mchanga ambacho mtu anaweza kukikanyaga bila kujua. Kuatamia ni kuyalalia mayai ili yapate joto linalostahili, na kazi hiyo huendelea siku nyingi mfululizo hadi mayai yaanguliwe. Makinda nao hawafanani. Wale wa mnana, njiwa na bundi huanguliwa wakiwa dhaifu, hawawezi kusimama, na huishi kiotani wakiletewa chakula. Wale wa ndege wengi wa ardhini huanguliwa wakiwa na manyoya mepesi na huweza kutembea muda mfupi tu baada ya kutoka katika yai, kama vifaranga wa kuku. Baina ya kiota na maisha ya kujitegemea kuna hatua nyingine inayowapotosha watu wengi: kinda aliyekwisha ota manyoya, aliyetoka kiotani, lakini ambaye bado hajui kuruka vizuri na bado analishwa na wazazi wake.

Tofauti ya kumtangaza ndege na kukitangaza kiota inafanana na desturi yetu kwa mama aliyejifungua. Mtaa mzima hujua kwamba fulani amepata mtoto na habari hiyo huenezwa kwa furaha, lakini katika siku arobaini mlango wa chumba cha mzazi haufunguliwi kila mpita njia.

Habari ya kuonekana kwa ndege ina manufaa makubwa. Kenya na Tanzania zina aina zaidi ya 1,000 za ndege kila moja, na hakuna serikali inayoweza kuajiri watu wa kutosha kuwafuatilia wote. Sehemu kubwa ya tunachokijua kimetoka kwa watu wa kawaida wanaoandika walichokiona. Nature Kenya, chama ambacho mizizi yake inafika mwaka 1909, kimekuwa kikiandaa matembezi ya kutazama ndege jijini Nairobi kila Jumatano asubuhi tangu mwaka 1971, na kuna mradi wa Kenya Bird Map unaokusanya orodha za watazamaji ili kuchora ramani ya ndege wa nchi nzima. Jinsi ramani hiyo inavyotengenezwa inatoa funzo kubwa. Nchi imegawanywa katika vipande vya mraba vyenye upande wa kilomita tisa hivi, na mtazamaji huorodhesha ndege wote aliowaona au kuwasikia ndani ya kipande kimoja. Hakuna anayemtaka ataje mti, tawi wala shimo. Kwa kazi ya kujua kama ndege fulani anaongezeka au anapungua, kujua kwamba yumo ndani ya kipande hicho kunatosha kabisa. Mfumo wa kimataifa wa eBird, ambamo watazamaji huandika mtandaoni ndege waliowaona, nao huficha mahali halisi pa baadhi ya ndege walio hatarini kuwindwa au kusumbuliwa, hata kama mtazamaji mwenyewe amepaandika. Kwa hiyo anayesema kwamba lazima atoe mahali pa kiota ili asaidie sayansi amekosea. Sayansi hiyo ilipangwa kwa makusudi iweze kwenda bila habari hiyo.

Sasa tukitazame kiota, na tuanze na jua, ambalo wengi hawalihesabu miongoni mwa maadui. Yai la ndege wengi hukua vizuri katika joto la nyuzi 36 hadi 38 hivi. Likizidi nyuzi 40 na kubaki hapo, uhai ulio ndani yake huwa mashakani, na mchanga wa ufukweni mchana hupita kiwango hicho kwa mbali. Ndiyo maana katika pwani yetu mzazi anayeonekana amesimama juu ya mayai bila kuyalalia hajasahau kazi yake. Anayatilia kivuli kwa mwili wake. Mtu akimfukuza na kusimama pale akipiga picha, anaondoa mwavuli wakati jua liko utosini. Haihitajiki siku nzima ili mayai yaharibike, maana dakika chache za adhuhuri zinaweza kutosha. Kuna ndege mdogo wa ufukweni mwenye rangi ya mchanga na paji jeupe, anayetaga mayai mawili au matatu katika kishimo kilicho juu kidogo ya alama ya maji kujaa, ambaye anapoondoka huyafunika kwa mchanga kiasi. Ustadi huo humfaa dhidi ya jicho la kunguru, lakini haumwokoi na gurudumu la gari, mbwa anayekimbizwa bila kamba, wala watalii wanaokizunguka kiota kwa simu.

Adui mwingine ni yule anayetufuata. Miaka ya 1890 kunguru mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi ili asafishe takataka za mji, na tangu hapo ameenea katika miji ya pwani yote. Ni ndege mwerevu sana, anayeishi kwa kututazama sisi. Anajua kwamba alipo mtu huenda pana chakula, na anapoona watu wamekusanyika chini ya kichaka huku ndege wadogo wakipiga kelele, hahitaji kuelezwa zaidi. Watu wakishaondoka, yeye hushuka. Anayeripoti kwamba alikiona kiota asubuhi na jioni akakikuta kitupu mara nyingi huamini kwamba ni bahati mbaya tu, na hujui umwambieje kwamba pengine yeye ndiye aliyeonyesha njia.

Hapa tunafika kwenye imani iliyoenea kuliko zote, kwamba ukimgusa kinda au yai, mama atanusa harufu ya binadamu na kumtelekeza mwanawe. Haiko hivyo. Ndege wengi wanaozunguka nyumba zetu hutegemea zaidi macho na masikio, na harufu ya mkono wa mtu peke yake haimfanyi mzazi amwache kinda wake. Naieleza imani hii kwa uangalifu kwa sababu uongo wake umekuwa ukifanya kazi njema: watoto wengi wameacha kutia mikono viotani kwa kuiogopa. Lakini imewafundisha watu wazima kosa jingine, la kudhani kwamba mtu asipogusa basi hakudhuru. Kinachomfanya ndege akiache kiota ni kuonekana na kusumbuliwa, hasa mwanzoni, wakati anapojenga au amekwisha taga yai la kwanza. Wakati huo bado hajawekeza mengi, na akiona mahali hapana usalama huhama. Mtu anayesimama hatua tatu kutoka kiotani kwa nusu saa huku mikono ikiwa mfukoni anaweza kuleta hasara kubwa kuliko mkulima aliyeligusa tawi akapita zake.

Umbali unaofaa ni upi, basi? Wengi hutaka wapewe idadi ya mita, na mimi huona idadi hiyo inapotosha, kwa kuwa mnana wa shambani aliyezoea watu humvumilia mtu chini ya mti, ilhali ndege wa kisiwa kisichokaliwa huruka mashua ikiwa bado mbali. Kipimo kizuri ni ndege mwenyewe. Akinyamaza ghafla, akajibana na kukukazia macho, umeshasogea mno. Akianza mlio mkali wa kurudiarudia, ujue anautoa kwa ajili yako. Ukimwona amebeba mdudu mdomoni lakini anarukaruka kutoka tawi hadi tawi bila kwenda popote, makinda wana njaa naye anakusubiri uondoke. Wako pia wanaojiburuza chini wakitandaza bawa moja kana kwamba limevunjika, na watu huwafuata wakidhani wanawasaidia. Ndege huyo ni mzima kabisa, anajaribu kukuvuta mbali na mayai, na huenda mguu wako u karibu kuyakanyaga. Jibu kwa dalili zote hizi ni moja, kurudi nyuma kwa njia ile ile uliyojia, ukitazama unapokanyaga, hadi ndege arejee kwenye shughuli zake.

Kamera imeongeza mambo mapya. Wapigapicha wengine huvunja vijiti na kusogeza majani ili kiota kionekane vizuri, nao hufanya hivyo kwa nia njema kabisa, bila kutambua kwamba majani yale ndiyo yaliyokuwa paa na pazia. Wengine hucheza kwenye simu sauti ya ndege wa aina ile ile ili dume ajitokeze. Dume hujitokeza kweli, kwa kuwa anaamini mvamizi ameingia katika eneo lake, na anapomtafuta adui asiyekuwapo hamlishi jike wala makinda. Msimu wa viota sauti hizo ziachwe kabisa. Droni nayo, hata ikiwa juu sana, kwa ndege wa koloni, yaani wanaotaga pamoja kwa makundi makubwa, huonekana kama mwewe, na kundi zima linaweza kuinuka kwa pamoja na kuyaacha mayai wazi. Kisha kuna jambo lisiloonekana: picha nyingi za simu hubeba ndani yake alama ya mahali zilipopigwa. Unaweza kuficha jina la kijiji katika maandishi na bado faili lenyewe likamwelekeza mtu hadi chini ya mti. Zima huduma ya mahali katika kamera kabla ya kupiga, na ukiamua kusambaza picha ya kiota, ngoja makinda waruke kwanza.

Mkanganyiko mwingine, hasa kwa wageni wa pwani, ni kudhani kwamba kila kundi la ndege ufukweni liko katika kuzaa. Katika hori ya Mida, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya, maelfu ya ndege wa matopeni hukusanyika kati ya Oktoba na Aprili. Wengi wao hawana kiota hapa; huzaa kaskazini ya mbali. Miongoni mwao yuko yule mkubwa mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Huyu huzaa katika visiwa na fukwe za mchanga za pande za Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, huchimba shimo refu na kutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Anapokuwa Mida anachohitaji ni kula na kupumzika maji yanapojaa, na anayelikimbilia kundi ili apate picha ya ndege wakiruka pamoja anawamaliza nguvu wanazoziweka kwa safari ya mamia ya maili. Lakini si mbali na hapo, katika kisiwa kidogo cha mwamba kiitwacho Whale Island, buabua hutaga kwenye miamba wakati wa kusi, kati ya Juni na Oktoba. Hapo sheria ya busara ni kutoshuka kabisa, bali kuwatazama kwa darubini kutoka kwenye mashua. Hali ni hiyo hiyo Fungu Kizimkazi, kisiwa tupu kusini-mashariki mwa Unguja, ambako ndege wa baharini hutaga chini, wazi, kwa kuwa hakuna paka wala panya wa kuwasumbua. Kuwazoea binadamu hawakuwazoea, na wavuvi waliokuwa wakiokota mayai huko wanajua jinsi ndoo inavyojaa upesi.

Je, kuna wakati ambapo mahali pa kiota panapaswa kusemwa? Upo, na mfano mzuri uko Kilifi. Katika kaunti hiyo peke yake, kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke na pori la Dakatcha, anaishi mnana mmoja ambaye haonekani mahali pengine popote duniani, Ploceus golandi. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1913, na kwa miaka mia moja hivi hakuna aliyejua anataga wapi. Mwaka 2013 hatimaye alikutwa akijenga katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, kwenye nyasi zilizosimama majini. Habari hiyo ilibadilisha kila kitu, kwa sababu hapo kabla watu walidhani kulinda miti mikubwa kunatosha, kumbe uzazi wake unategemea vidimbwi ambavyo miaka mingine hukauka kabisa na ambavyo mtu angeweza kuvilima bila kuvunja mti hata mmoja. Kiota kilisemwa, na ilikuwa lazima kisemwe. Lakini kilisemwa kwa wanakijiji wanaolinda pori na kwa wahifadhi. Hiyo ndiyo njia ya kufuata ukikuta kiota cha ndege adimu au kiota kinachotishiwa na msumeno, moto au wachukuaji wa mayai: mjulishe mlinzi wa msitu, ofisi ya wanyamapori au kikundi cha uhifadhi cha eneo hilo, kisha unyamaze kwingine.

Kuhusu kinda aliye chini, ushauri ni mfupi. Akiwa na manyoya na anarukaruka, huenda hajapotea. Wazazi wake wako karibu na wanasubiri uondoke. Kama yuko barabarani au karibu na paka, msogeze hadi kwenye kichaka kilicho jirani. Akiwa uchi na kiota unakiona, mrudishe kwa upole, na harufu yako haitamdhuru. Kumchukua nyumbani kuwe njia ya mwisho, tena kwa kumpeleka kwa wanaojua, maana huruma ya kuokota imewaangamiza ndege wengi. Korongo taji, ambaye tangu mwaka 2012 amehesabiwa duniani kuwa hatarini kutoweka, ni ushahidi wa kusikitisha. Makinda wake huchukuliwa katika vinamasi ili wapambe bustani za nyumba na hoteli, hukatwa mabawa, na hawazai tena. Nchini Rwanda daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na shirika lake waliwashawishi watu wawatoe korongo waliokuwa wakiwafuga; wale waliokuwa bado na uwezo walirudishwa porini, na walioharibika mabawa wakatengewa mahali pa kuishi jijini Kigali, panapoitwa Umusambi, kwa sababu hawataruka maisha yao yote. Kisheria pia, Kenya chini ya sheria ya mwaka 2013 na Tanzania chini ya ile ya mwaka 2009, kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa, hata kama ulikuwa ukimhurumia.

Kiota cha bundi kinastahili neno la peke yake. Nyumba nyingi bado humwona bundi kuwa uchuro, na kiota chake darini hubomolewa na makinda kuuawa kwa nia ya kuikinga familia. Siwadharau wanaoogopa, kwa sababu sauti ya bundi wa darini usiku, ile ya kukoroma na kupiga ukelele, inatisha kweli. Lakini sauti hiyo kwa kawaida ni ya makinda wanaoomba chakula, na chakula chenyewe ni panya. Mwenye ghala la mahindi anayemfukuza bundi amewafungulia panya mlango. Akivumiliwa hadi makinda waruke, mwenye nyumba anaweza kuziba tundu kisha, bila kuua, na bundi atatafuta kwingine.

Wenye minazi na mikungu huuliza kuhusu kukata matawi yenye viota vya mnana. Wengi hungoja viota viwe vya kahawia, wakidhani vimeachwa. Mnana dume husuka kwa majani mabichi, na majani hayo hukauka ndani ya siku chache tu, kwa hiyo kiota cha kahawia ndicho ambacho kinaweza kuwa na mayai au makinda, wakati kile cha kijani huenda bado hakijakubaliwa na jike. Kigezo ni kutazama kama kuna mzazi anayeingia na kutoka. Tangu kutaga hadi makinda kuruka ni wiki tano hivi, muda ambao mti mwingi unaweza kungoja.

Na kunguru? Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja wa kigeni, na tangu hapo wapo wanaoona kwamba kila kiota cha kunguru ni halali yao. Ni kweli kwamba kuondoa viota vya kunguru huyu ni mojawapo ya njia za kumpunguza, na ndege wadogo wa pwani watanufaika akipungua. Ila kazi hiyo ifanywe na wanaomtambua, chini ya mamlaka husika, na sumu isiguswe kabisa na mtu binafsi, kwa kuwa haichagui. Pwani hiyo hiyo anaishi kunguru wetu wa asili mwenye kifua na kola nyeupe, ambaye hujenga kwa vijiti juu ya miti mirefu kama mwenzake. Kabla ya kupandisha ngazi, ngoja mwenye kiota arudi, umtazame shingo.